Kwa nini 48 ya Marino inaweza kuizidi 55 ya Manning

Kila Februari mimi na binamu yangu hukesha pamoja kwenye simu tukiangalia Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani. Kwake Minneapolis ni jioni. Kwangu huku ni saa nane na nusu usiku, watoto wamelala, chai ya rangi iko mezani. Ubishi wetu mkubwa hauhusu timu. Unahusu namba mbili, 48 na 55.

Ya kwanza ni ya Dan Marino wa Miami Dolphins, msimu wa 1984. Ya pili ni ya Peyton Manning wa Denver Broncos, msimu wa 2013. Zote ni idadi ya tachidauni zilizotokana na pasi za kwotabeki mmoja katika msimu mmoja wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Namba ya Marino ilikaa kileleni miaka 20, na ya Manning bado iko kileleni. Binamu yangu hana muda wa maelezo: "Kaka, 55 ni kubwa kuliko 48. Tumemaliza."

Hatujamaliza. Naamini msimu wa Marino ulikuwa mkubwa kuliko wa Manning, ingawa Manning ana yadi nyingi zaidi, tachidauni nyingi zaidi, asilimia ya juu zaidi ya pasi zilizodakwa na makosa machache zaidi. Nampenda Manning, na sisemi haya kumshusha. Ila ukitaka kuwapima watu waliotenganishwa na miaka 29, lazima kwanza ujue kipimo chenyewe kimetanuka wapi na wapi hakikutanuka. Siyo kila namba imetanuka, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa jaribio na kuamua kama amkabidhi mwenzake akimbie nao au aurushe mbele kwa mdakaji. Ana kama sekunde tatu hivi kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia. Mpira ukidakwa, yadi zote zinaandikwa kwa jina lake, hata kama mdakaji ndiye aliyekimbia sehemu kubwa ya safari. Ukidakwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, ni tachidauni. Ukianguka chini, jaribio limepotea lakini mpira bado ni wa timu yake. Ukinaswa na beki, msiba.

Kwa hiyo mjadala wa warushaji karibu wote unazunguka mambo manne: pasi zilizodakwa, yadi, tachidauni na pasi zilizonaswa.

Sisi tuliokulia kwenye shilingi tunalielewa tatizo hili bila kufundishwa. Babu akikwambia mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi mia tatu kwa mwezi, humwonei huruma hapohapo. Unamuuliza kwanza mia tatu hiyo ilinunua nini. Yadi na tachidauni nazo zina mfumuko wake wa bei, na mfumuko huo una sababu zinazojulikana, nyingine zina hata mwaka wake.

Sababu nyepesi kuliko zote ni urefu wa msimu. Tangu 1947 hadi 1960 timu za NFL zilicheza mechi 12 kila moja. Zikawa 14 mwaka 1961, 16 mwaka 1978, na 17 tangu 2021. Johnny Unitas wa Baltimore Colts alirusha tachidauni 32 mwaka 1959 katika mechi 12. Kwa mwendo huohuo, mechi 17 zingempa 45. Hiyo ni hesabu ya kugawa na kuzidisha, inatosha kwa rekodi za jumla, na sitakaa hapo.

Pa kukaa ni kwenye sheria.

Mwaka 1977 kurusha mpira ilikuwa kazi ya mateso. Timu kwa wastani zilirusha pasi 25 hivi kwa mechi na kufunga pointi 17.2, kiwango cha chini kuliko vyote tangu 1942. Aliyeongoza ligi nzima kwa yadi, Joe Ferguson wa Buffalo, alikuwa na 2,803. Leo kwotabeki anayemaliza msimu mzima na yadi 2,803 ana hofu ya kazi yake.

Ilikuwaje hali ikafika hapo? Mtazame beki aliyesimama uso kwa uso na mdakaji. Mpira unaanza kuchezwa, mdakaji anachomoka, na beki anamkita kifuani kwa mikono miwili. Mdakaji anayumba, anajirekebisha, anaanza tena kukimbia, na beki anamsukuma tena pembeni. Kwotabeki huku nyuma amehesabu kwamba hatua ya kumi mtu wake atakuwa mahali fulani, na mtu wake hayupo, bado anapigana kutoka pale alipoanzia. Ligi ilianza kumbana beki wa aina hiyo mwaka 1974. Mwaka 1978 ikamfunga kamba kabisa: akishapita yadi 5, mdakaji haguswi. Sheria hiyo watu waliipa jina la Mel Blount, beki wa Pittsburgh Steelers mwenye futi 6 na inchi 3, kwa sababu ndiye aliyewatesa wadakaji kuliko wote. Mwaka huohuo walinzi wa kwotabeki, wale wa mstari wa mbele, wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja wakati wa kumzuia adui. Kwa siku moja, wadakaji wakapata njia na kwotabeki akapata muda.

Marino aliingia NFL mwaka 1983, sheria hizo zikiwa na miaka mitano. Mwaka wake wa pili akarusha yadi 5,084. Kabla yake hakuna aliyewahi kufika 5,000, na rekodi ya tachidauni ilikuwa 36. Yeye alipata 48. Aliyemfuata msimu ule, Dave Krieg wa Seattle, alikuwa na 32.

Basi je, Marino naye si mtoto wa sheria mpya? Ndiyo, ni kweli, na ndiyo maana haitoshi kumlinganisha na watu wa 1977. Lakini sheria zile ziliwapa nafasi makwotabeki wote wa miaka ile, na ilipita miaka 24 kabla mwingine hajafika yadi 5,000. Drew Brees wa New Orleans ndiye aliyefika, mwaka 2008. Miaka mitatu tu baadaye, 2011, watu watatu walifika kwa pamoja: Brees mwenyewe aliyeivunja rekodi kwa 5,476, Tom Brady kwa 5,235 na Matthew Stafford kwa 5,038. Mlima uliopandwa na mtu mmoja kwa robo karne ukapandwa na watatu ndani ya miezi minne. Ukiona hivyo, angalia kwanza kama mlima haujachongwa.

Ulikuwa umechongwa. Na hapa Manning mwenyewe yumo ndani ya habari. Januari 2004, akiwa na Indianapolis Colts, alikwenda kucheza na New England Patriots mechi ya kuwania kuingia Super Bowl. Mabeki wa Patriots waliwakumbatia wadakaji wake mchana kutwa, waamuzi wakanyamaza. Manning alinaswa pasi 4, tatu kati yake na mtu mmoja, Ty Law. Baada ya msimu huo ligi haikuandika sheria mpya. Iliwaagiza waamuzi waisimamie ile ya 1978 kwa ukali. Msimu uliofuata Manning alirusha tachidauni 49 na kuivunja rekodi ya Marino.

Ulinzi wa mwili wa kwotabeki nao ukaongezwa. Brady aliumia goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, na mwaka uliofuata ligi ikakaza marufuku ya kuwavamia makwotabeki miguuni. Wadakaji walioko hewani, ambao zamani walipigwa kama magunia mara tu mpira ulipowagusa vidole, nao wakalindwa. Madhara ya hilo hayaonekani kwenye takwimu moja kwa moja, lakini fikiria: mdakaji asiyeogopa kuvunjwa mbavu katikati ya uwanja ni mdakaji anayeweza kutumwa katikati ya uwanja. Pasi za huko ni fupi na rahisi kudakwa.

Pasi fupi ndiyo sababu ya mwisho, na hii haikutoka kwa waamuzi. Ilitoka kwa makocha. Bill Walsh, akiwa msaidizi Cincinnati na baadaye kocha mkuu San Francisco, alijenga mashambulizi ambamo pasi ya yadi 5 au 6 ilichukua kazi iliyokuwa ya kukimbia na mpira. Zamani kwotabeki alirusha mbele kabisa na kukubali kwamba nyingi zitaanguka na baadhi zitanaswa. Pasi ndefu iliyonaswa kwenye jaribio la tatu haikumsumbua sana kocha wa 1960. Mpinzani angeupata mpira mbali na lango, kama vile ungekuwa umepigwa kwa mguu. Joe Namath wa New York Jets alikuwa mtu wa kwanza kurusha yadi 4,000 kwa msimu, 1967, kwa mechi 14. Alinaswa mara 28 mwaka huo na hakuna aliyemfukuza. Maisha yake yote ana tachidauni 173 na pasi 220 zilizonaswa, na yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa huko Canton, Ohio. Leo kijana mwenye uwiano huo asingemaliza misimu miwili.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho matangazo ya televisheni hukitaja kila dakika, nami nitakiita alama ya mrushaji. NFL ilikianza mwaka 1973. Waliokitunga walichukua takwimu za miaka ya 1960 hadi 1970 na kuuliza: kwotabeki wa kawaida anafanyaje? Jibu lao lilikuwa kwamba katika kila pasi 100 hudakwa 50, kila pasi iliyorushwa huleta yadi 7, tachidauni hutokea 5 kati ya 100, na hunaswa 5.5 kati ya 100. Mtu wa namna hiyo hupata pointi 1 kwa kila moja ya mambo manne. Akizidi hupanda hadi 2.375, akipungua hushuka hadi 0. Zinajumlishwa, zinagawanywa kwa 6, zinazidishwa kwa 100. Mtu wa kawaida anapata 66.7. Asiye na doa anapata 158.3.

Fomula hiyo haijabadilishwa hata nukta tangu hapo, wakati mchezo umebadilika. Matokeo yake ni mambo ya ajabu. Roger Staubach wa Dallas alistaafu baada ya msimu wa 1979 akiwa na alama ya 83.4, ya juu kuliko yeyote katika historia ya NFL wakati huo. Leo hiyo iko chini ya wastani wa ligi. Unitas, ambaye kwa miaka mingi aliitwa kwotabeki bora wa wakati wote, ana 78.2. Blake Bortles, ambaye Jacksonville ilimwacha baada ya misimu mitano, ana 80.6. Hakuna mtu aliyewaona wote wawili, au aliyesoma kidogo tu habari zao, atakayesema Bortles alikuwa mrushaji bora kuliko Unitas. Fomula inasema hivyo bila kupepesa.

Ina kasoro nyingine inayonikera zaidi. Chukua kwotabeki ambaye kila pasi anaitupa chini makusudi. Hakuna iliyodakwa, hakuna yadi, hakuna tachidauni. Lakini hakuna iliyonaswa pia, kwa hiyo anapewa 2.375 kamili kwa kipengele hicho. Gawanya kwa 6, zidisha kwa 100, unapata 39.6. Terry Bradshaw, mwaka wake wa kwanza na Pittsburgh, 1970, alidakisha pasi 83 kati ya 218, tachidauni 6, akanaswa 24. Alama yake ilikuwa 30.4. Kwa mujibu wa kipimo rasmi, Steelers wangenufaika zaidi kama angeutupa mpira majanini msimu mzima. Bradshaw huyo alikuja kushinda Super Bowl nne.

Lakini fomula hii ya zamani ina faida moja kubwa: inatuonyesha mahali mfumuko ulipo. Weka mchezo wa leo kwenye yale mambo manne. Pasi zinazodakwa zimepanda kutoka 50 hadi karibu 65 kati ya 100. Zinazonaswa zimeshuka kutoka 5 na ushei hadi kama 2 na ushei. Huo ni mfumuko mkubwa. Yadi kwa kila pasi iliyorushwa? Zilikuwa 7, na zimebaki 7 na kitu. Tachidauni kwa kila pasi 100? Zilikuwa 5, leo ni pungufu kidogo ya hapo. Miaka 50 ya sheria za kuwalinda na kuwapa njia, na pasi moja kwa wastani inaleta yadi zilezile. Makocha walichukua nafasi waliyopewa wakainunulia usalama: pasi fupi zaidi, uhakika zaidi, nyingi zaidi. Timu zilizorusha mara 25 kwa mechi mwaka 1977 zilikuwa zinarusha mara 35 mwaka 2013.

Nikiwa na hilo mkononi, narudi kwa binamu yangu.

Marino 1984 alirusha pasi 564, zikadakwa 362, yadi 5,084, tachidauni 48, akanaswa 17. Alama yake 108.9. Manning 2013 alirusha 659, zikadakwa 450, yadi 5,477, tachidauni 55, akanaswa 10. Alama 115.1. Manning ameshinda kwa pointi 6.2. Zimetoka wapi? Kwenye pasi zilizodakwa Manning anaongoza, asilimia 68.3 kwa 64.2. Kwenye kunaswa anaongoza tena, asilimia 1.5 kwa 3. Hivyo ndivyo vile viwili vilivyovimba. Kwenye yadi kwa kila pasi, Marino anaongoza: 9.0 kwa 8.3. Kwenye tachidauni kwa kila pasi 100, Marino anaongoza tena: 8.5 kwa 8.3. Hivyo ni vile viwili ambavyo havikuvimba. Manning alimzidi Marino palepale ambapo ligi nzima ya 2013 ilikuwa imeizidi ligi ya 1984, na Marino alimzidi Manning mahali ambapo hakuna aliyebebwa na wakati.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimama nikazunguka meza.

Kuna kipimo kingine wanachokipenda watakwimu wa mchezo huu, kigumu kidogo lakini cha haki zaidi. Unachukua yadi zote, unaongeza 20 kwa kila tachidauni, unatoa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, unatoa yadi zilizopotea kwotabeki alipoangushwa na mpira mkononi, kisha unagawa kwa pasi zote pamoja na mara alizoangushwa. Marino aliangushwa mara 13 msimu mzima akapoteza yadi 120. Manning mara 18, yadi 120 vilevile. Ukimaliza kugawa, Marino ana 8.94 na Manning 8.87. Hapo bado hatujawalinganisha na wenzao. Manning alizifanya zake katika ligi ambayo wastani wa kudakisha pasi ulikuwa asilimia 61 hivi, Marino katika ligi ya asilimia 56. Manning alimwacha wa pili, Brees, kwa tachidauni 16: 55 kwa 39. Marino naye alimwacha Krieg kwa 16, lakini 48 kwa 32 ni mara moja na nusu kamili.

Kumpima mtu dhidi ya wenzake wa zama zake ndiyo njia bora tuliyonayo, na watakwimu wameifanyia jedwali: wastani wa mwaka husika unaitwa 100, na kila mtu anapewa namba kulingana na jinsi alivyouacha wastani huo, juu au chini. Naitumia, naiamini kuliko alama ya televisheni. Lakini inabebwa na dhana moja ambayo lazima isemwe waziwazi, kwamba wenzake walikuwa wapinzani kamili.

Sid Luckman wa Chicago Bears alirusha tachidauni 28 mwaka 1943 katika mechi 10, kwa pasi 202 tu. Ni karibu 14 kati ya kila pasi 100, kiwango ambacho hakuna mrushaji wa sasa anayekikaribia. Ukimweka kwenye jedwali anapaa. Lakini 1943 ilikuwa vita. Vijana walikuwa jeshini, ligi ilibaki na timu 8, na Pittsburgh na Philadelphia zilikosa watu mpaka zikaungana zikacheza kama timu moja. Beki aliyemkaba Luckman huenda asingepata namba mwaka 1940.

Na kuna pengo kubwa kuliko vita. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Kenny Washington na Woody Strode walisajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1946, na timu ya jiji la Washington ilikuwa ya mwisho kufungua mlango, mwaka 1962. Kila namba ya miaka ile iliwekwa dhidi ya sehemu tu ya watu waliokuwa na uwezo wa kucheza. Hata mlango ulipofunguliwa, kiti cha kwotabeki kiliendelea kulindwa. Vijana weusi waliorusha mpira vizuri chuoni waliambiwa wakawe wadakaji au mabeki. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1978. Akaenda Edmonton, Kanada, akacheza misimu sita na kushinda kombe la huko mara tano mfululizo. Aliingia NFL mwaka 1984, mwaka uleule wa tachidauni 48 za Marino, akiwa na miaka 27. Alimaliza na yadi 49,325. Zile 21,228 alizozirusha Kanada haziko kwenye jedwali lolote la NFL, na hakuna fomula inayoweza kumrudishia. Ninapowasikia watu wakipanga orodha za wakati wote kwa yadi za NFL peke yake, ndiye ninayemkumbuka kwanza.

Binamu yangu, akiona hesabu zinamgeuka, hukimbilia kwenye ushindi: "Basi nani alichukua kombe?" Hakuna. Dolphins ya Marino ilifika Super Bowl ikapigwa 38 kwa 16 na San Francisco. Broncos ya Manning ilifika ikapigwa 43 kwa 8 na Seattle. Misimu miwili mikubwa kuliko yote ya kurusha mpira iliishia kwa vipigo. Na Namath, yule wa pasi 220 zilizonaswa, alitajwa mchezaji bora wa Super Bowl ya Januari 1969 bila kurusha tachidauni hata moja, Jets wakiilaza Baltimore 16 kwa 7. Kushinda ni kazi ya watu wengi, na kumwandikia kwotabeki peke yake kunavuruga hesabu kuliko mfumuko wowote.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalonithibitishia kwamba mfumuko huu ni wa usalama, haukugusa kilele. Rekodi za msimu na za maisha zimevunjwa na kuvunjwa tena. Rekodi za yadi na tachidauni kwa mechi moja hazijavunjwa. Yadi nyingi zaidi kwa mechi ni 554, alizirusha Norm Van Brocklin wa Rams Septemba 28, 1951, na hata mwaka 2011, mwaka wa watu watatu wa yadi 5,000, hakuna aliyezifikia. Tachidauni nyingi zaidi kwa mechi ni 7.

Aliyeziweka ni Luckman, Novemba 14, 1943, pale Polo Grounds jijini New York, mji aliozaliwa, siku ambayo watu wa kwao walikuwa wamemwandalia sherehe uwanjani. Siku hiyohiyo Sammy Baugh wa Washington, akicheza na Detroit, alirusha tachidauni 4, kisha akavuka upande wa pili kama beki, kwa kuwa wakati huo mchezaji alicheza pande zote mbili, akanasa pasi 4 za wapinzani. Hakuna safu ya kumwekea mtu wa namna hiyo kwenye jedwali la leo.

Saba ya Luckman imefikiwa mara kadhaa tangu hapo. Mmoja wa walioifikia ni Manning, usiku wa Septemba 5, 2013 dhidi ya Baltimore, mechi ya kwanza kabisa ya msimu ule wa tachidauni 55. Wadakaji walikuwa hawaguswi, miguu yake ilikuwa inalindwa na sheria, na alikuwa na mashambulizi ya kisasa kuliko yote mikononi mwake. Alifika 7, na ya 8 haikupatikana.